Kloki ya sintesaiza imeng'ang'ania 125 hata ngoma ikinyamaza. Naomba msaada

Bangwe_Sauti (Kigoma)

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaozifahamu sintesaiza za moduli, hasa upande wa kloki.

Nina boksi dogo la Eurorack (mfumo wa moduli ndogo zinazounganishwa kwa waya): moduli ya kloki, ile inayotoa mapigo ya kuongoza mwendo, yenye kioo cha kusoma BPM (biti kwa dakika), sikwensa ya hatua nane inayopiga noti moja kwa kila hatua, oseleta mbili za kutoa sauti, filta, na VCA ya kudhibiti ukubwa wa sauti. Napiga na kikundi cha ngoma hapa Ujiji, na tunataka sintesaiza ifuate ngoma, siyo ngoma ifuate sintesaiza. Kwa hiyo nimebandika piezo (kinasa mtetemo) kwenye mwili wa ngoma, chini kidogo ya ngozi. Ni ile sahani nyembamba ya shaba inayotolewa kwenye alamu mbovu, mafundi redio wanazo. Waya wake unaingia kwenye miksa, na miksa inatoa kwenda kwenye tundu la kloki ya nje.

Tatizo ni hili. Nikipandisha geni ya miksa (kiasi cha kukuza ishara) mpaka kloki iitikie, kioo kinasoma 125. Mpigaji akiharakisha, 125. Akipunguza mwendo, 125. Akiweka fimbo chini kabisa, 125 inaendelea na sikwensa inatembea kama kawaida. Nikishusha geni, kloki inakufa moja kwa moja, haioni hata pigo kubwa. Juzi umeme ulikatika tukawasha jenereta, namba ikaanza kuyumba: 121, 128, 124, na hakuna aliyegusa ngoma.

Kuna mtu kaniambia moduli imeungua, niagize nyingine. Kuagiza nje mnajua ilivyo, ulipie mzigo, ushuru, usubiri ufike Dar, halafu ndipo uanze safari ya kuja huku mwisho wa reli. Kabla sijatoa hela naomba kujua: moduli ni mbovu kweli? Na njia sahihi ya kuunganisha ngoma na kloki ni ipi?

Kinubi

Mkuu hiyo itakuwa kloki yake ya ndani ndiyo inayosoma. Chomoa waya wa nje uone kama 125 inabaki.

Bangwe_Sauti

Nimechomoa. Ya ndani nimeiweka 90, na inarudi 90 vizuri tu. Nikichomeka waya wa miksa, 125 hiyo hapo.

FundiMawimbi (Tabora)

Usiagize kitu kwanza. Kwenye menyu ya hiyo kloki kuna sehemu ya kuchagua mapigo mangapi ya nje yahesabiwe kuwa biti moja. Imewekwa ngapi? Na kutoka kwenye ngoma hadi kwenye miksa umetumia waya gani?

Bangwe_Sauti

Imewekwa 24, ilikuja hivyo. Waya ni ule wa spika, mwekundu na mweusi, kama mita kumi, kwa sababu wapigaji wanakaa mbali na meza yangu.

FundiMawimbi (Tabora)

Moduli yako ni nzima, tena inahesabu kwa usahihi wa hali ya juu. Inachohesabu ni umeme wa ukutani.

Chukua kalamu. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa dakika ni 3,000. Gawa kwa 24, unapata 125 kamili. Ndiyo maana namba haitikisiki hata mpigaji akiweka fimbo chini. Sasa njoo kwenye jenereta: 121 ni mizunguko 48 na kidogo kwa sekunde, 128 ni 51 na kidogo. Jenereta ndogo injini yake ikilemewa au ikipata nafuu, spidi inabadilika, na mizunguko ya umeme inabadilika pamoja nayo. Kioo chako kimekuwa kipimo cha jenereta.

Umeme unaingiaje? Piezo ina ukinzani mkubwa sana wa ndani, na kitu cha namna hiyo ukikiunganisha na waya mrefu usiovikwa wavu, waya unageuka antena. Unanasa mvumo wa kila waya wa umeme uliopita karibu: taa, soketi, ekstensheni. Mvumo wenyewe ni mdogo, ila wewe umepandisha geni ya miksa hadi juu ili kloki ione ngoma, kwa hiyo mvumo nao ukapanda. Tundu la kloki halijui muziki. Linachosubiri ni volti zivuke kiwango fulani, kwenye moduli nyingi volti moja au mbili hivi, na kila zinapovuka kwenda juu linahesabu moja. Mvumo unavuka mara 50 kila sekunde.

Thibitisha hivi: acha geni hapo hapo ilipo, chomoa piezo upande wa miksa. Kloki ikinyamaza, mchawi ni waya. Halafu rudisha, uushike waya wa spika kwa kiganja katikati. Kama una hedifoni kwenye miksa utasikia mvumo ukibadilika.

MwanaIgunga

Naomba kuongeza la usalama, maana najua ushauri utakaofuata mitaani. Asije mtu akakwambia ukate mguu wa ethi kwenye plagi ya miksa ili mvumo uondoke. Ni kweli kuna mivumo inayoondoka hivyo, lakini miksa ikivuja umeme mwilini mwake, njia inayobaki ya kwenda ardhini ni mkono wako au wa mpiga ngoma. Usikubali kabisa.

Kinubi

Mimi ningeachana na piezo. Laptopu itoe kloki ya MIDI (lugha ya vyombo vya kielektroniki kuwasiliana), moduli ya kubadili MIDI kuwa volti iingize kwenye boksi, mpigaji avae spika za masikioni asikie mdundo. Inakaa sawa mwanzo hadi mwisho wa wimbo na hakuna mvumo.

Bangwe_Sauti

@Kinubi nashukuru, lakini wapigaji wetu ni wengi na wanapiga wakiwa wamesimama nje, wanazunguka, wanaruka. Na mwendo wa ngoma unapanda kwa makusudi mchezaji anapoingia uwanjani. Nikiwafunga kwenye mdundo wa laptopu hiyo siyo ngoma yao tena.

@FundiMawimbi nimechomoa piezo, kloki imenyamaza kimya. Geni haijaguswa. Asante sana mkuu, umeniokolea hela nyingi. Sasa nifanye nini na huo waya?

FundiMawimbi (Tabora)

Tafuta DI boksi. Makanisa yenye kwaya ya vyombo huwa nayo, ni kile kiboksi cha chuma wanachochomekea gitaa la besi. Chukua ile inayotumia umeme wa betri au wa miksa, kwa sababu tundu lake lina ukinzani mkubwa unaoipokea piezo vizuri. Ikae chini ya ngoma yenyewe. Kati ya piezo na DI weka waya mfupi uliovikwa wavu, nusu mita inatosha. Kutoka DI hadi miksa tumia waya wa maikrofoni wa pini tatu. Huo unabeba ishara mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, na miksa inachukua tofauti yake. Mvumo ulioingia njiani umeingia sawa pande zote mbili, hivyo unafutika. Mita kumi siyo shida tena.

Wanaotaka moduli ya kazi hii wapo Doepfer wa Ujerumani, walioanzisha huu mfumo wa Eurorack. Wana A-119: inakuza ishara ya nje, inafuata ukubwa wake, na inatoa geti (volti ya kuwasha na kuzima) ikivuka kiwango unachokiweka mwenyewe kwa kitasa. Ukipata hela siku za mbele ifikirie. Kwa sasa miksa na DI vinatosha.

Jambo la pili, nalisema mapema usije ukashtuka. Mvumo ukiondoka, mpigaji akipiga mara mbili kwa sekunde, kioo kitasoma 5. Siyo ubovu. Mapigo 120 kwa dakika gawa kwa 24. Hiyo 24 ni ya MIDI na ya mashine za zamani za Roland: zinatuma mapigo 24 kwa kila biti, namba iliyopendwa kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Binadamu hapigi 24 kwa biti. Badilisha iwe 1.

Bangwe_Sauti

Wakuu, mrejesho. DI nimeazima, mvumo umekwisha. Kioo kilisoma 5 kweli! Nimeweka 1, sasa inasoma 112, 116, 120 kadiri ngoma inavyokwenda. Furaha niliyonayo siwezi kuieleza.

Limebaki moja. Mara kwa mara inaruka hadi 200 na zaidi kwa sekunde moja halafu inarudi, na sikwensa inakimbia hatua kadhaa. Inatokea hasa mapigo yakiwa makubwa.

FundiMawimbi (Tabora)

Pigo moja linahesabiwa mara mbili. Ngozi ikipigwa haitulii papo hapo, inaendelea kutetema, na mwili wa ngoma nao. Tetemo linashuka chini ya kiwango, linavuka tena, kloki inaona pigo jipya. Anza na lisilo na gharama: shusha geni taratibu mpaka mapigo madogo yanaanza kupotea, kisha pandisha kidogo tu. Pili, hamisha piezo iwe mbali zaidi na ngozi, uibandike pamoja na kipande cha sponji juu yake. Tatu, angalia kama kloki yako ina muda wa kuziba masikio baada ya kila pigo. Baadhi zinao. Ukiweka milisekunde 80 hivi, chochote kinachokuja ndani ya muda huo kinapuuzwa, na hata kwenye BPM 160 mapigo halali yapo umbali wa milisekunde 375, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kasulu_Mkongwe

Vijana nimewasoma toka juu. Mimi mambo ya volti siyajui, ila ngoma naijua. Bangwe, hiyo sahani umeibandika kwenye ngoma ipi?

Bangwe_Sauti

Shikamoo mzee wangu. Ipo kwenye ngoma ya kati, ya kiongozi.

Kasulu_Mkongwe

Marahaba mwanangu. Basi hapo ndipo panapokusumbua zaidi ya huo mtetemo. Kiongozi kazi yake siyo kushika mwendo. Kazi yake ni kuita, kukatisha, kunyamaza, kurudi kwa kishindo. Anaacha mapigo makusudi. Mashine yako ikimfuata yeye itachanganyikiwa, hata mtu mgeni huchanganyikiwa.

Angalia jirani zetu wa Burundi, ngoma yao ya kifalme ambayo UNESCO waliiorodhesha mwaka 2014. Wana inkiranya katikati, ndiyo inayoongoza. Wana ibishikizo zinazoifuata inkiranya. Halafu wana amashakwe, hizo zinapiga mfululizo bila kukatika, na wote wanasimama juu yake. Kikundi chako, kwa namna yoyote mnavyoziita, lazima kina ngoma ya kazi hiyo. Hata kama ni ndogo na watazamaji hawaitazami. Sahani iende pale.

FundiMawimbi (Tabora)

Mzee amemaliza. Hilo mimi nisingeliona.

Bangwe, ukihamia ngoma ya mfululizo hesabu itabadilika, kwa sababu haipigi mara moja kwa biti. Hesabu inapiga mara ngapi kati ya hatua moja ya mguu wa mchezaji na inayofuata. Kama ni tatu, weka 3 kwenye menyu. Kama kloki yako haina 3, pitisha kwanza kwenye moduli ya kugawa mapigo inayoweza kugawa kwa tatu, na uangalie sana unaponunua: zile za kawaida zinagawa kwa 2, 4, 8, 16 kwenda mbele, tatu haimo.

Mapigo yakiwa mengi kwa biti kuna faida nyingine. Kloki inayopima mwendo hujua spidi mpya pale tu pigo jingine linapofika. Ukiwa na pigo moja kwa biti, ngoma ikipanda mwendo sintesaiza inachelewa biti nzima. Ukiwa na matatu inachelewa theluthi.

MwanaIgunga

Kwa nini asiruke kloki kabisa? Ngoma iingie moja kwa moja kwenye tundu la kusogeza hatua la sikwensa. Pigo moja, hatua moja. Hakuna kupima, hakuna kuchelewa. Kwa ngoma ya mfululizo nadhani ndiyo nzuri kuliko zote.

FundiMawimbi (Tabora)

Kweli kabisa, na ningeanza na hiyo. Ila sikwensa yake ina hatua nane, na nane haigawanyiki kwa tatu. Mwanzo wa mstari utazunguka na kuangukia mahali tofauti kila mara. Bangwe, ifupishe iwe hatua sita, kama inaruhusu. Kloki ibaki kwa ajili ya vitu vinavyohitaji kujua tempo, kama diley (ya mwangwi).

Bangwe_Sauti

Ni tatu kwa hatua ya mguu, nimehesabu na mpigaji mwenyewe. Sikwensa nimeifupisha sita na nimeingiza ngoma moja kwa moja. Wakuu, inatembea NA ngoma, ikipanda inapanda nayo. Mzee Kasulu Mungu akuweke.

Swali la mwisho: kiongozi akikatisha na kuanza upya, sikwensa inabaki ilipoishia. Nairudishaje hatua ya kwanza?

FundiMawimbi (Tabora)

Tundu la riseti. Chukua kanyagio la kinanda, lile la kushikilia sauti, pamoja na betri ya volti 9 na rezista ya kiloomu 1. Chanya ya betri ipite kwenye rezista, kisha kwenye kanyagio, kisha kwenye ncha ya jeki. Hasi iende kwenye shina la jeki. Soma kwanza karatasi ya sikwensa yako kuhakikisha riseti inapokea volti 9, nyingi zinapokea. Pima kanyagio kwa testa pia, mengine yanafunga saketi yakiwa yameachwa na kuifungua yakikanyagwa, na hayo hayatakufaa. Kanyaga kiongozi anaponyanyua fimbo, kabla hazijashuka, kwa sababu riseti ikifika baada ya pigo la kwanza, pigo hilo litakuwa limeshaisogeza sikwensa kutoka pale ilipoishia.