Cheni ya fiksi: oili naweka, kelele haikomi, mara inakaza mara inalegea. Nifanyeje?

MiguuMiwili

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoendesha fiksi, yaani baiskeli isiyo na friwili, ile ambayo gurudumu la nyuma likizunguka na padeli nazo lazima zizunguke.

Yangu ina sproketi ya meno 48 mbele na 16 nyuma, cheni ni ile pana ya inchi 1/8. Nikifunga gurudumu cheni inaonekana iko sawa kabisa. Nikizungusha kranki (mkono unaoshika padeli) nusu duara inalegea mpaka inaning'inia, nikimalizia duara inakaza tena mpaka padeli inakuwa nzito. Barabarani inalia kra... kra... Nikiweka oili inanyamaza, kesho yake imerudi. Halafu nikibana miguu kupunguza mwendo, padeli inarudi kidogo kwanza ndipo gurudumu linaitika.

Mmoja kaniambia cheni imekufa, ninunue nyingine. Wa pili kasema niikaze tu. Wa tatu kanipa grisi ya beringi niipake kwa wingi. Nimfuate nani?

SpokiYaTatu

Swali kabla ya ushauri: breki ya mbele unayo?

MiguuMiwili

Ninayo, na inakamata vizuri.

SpokiYaTatu

Sawa. Nimeuliza kwa sababu kwenye fiksi cheni ikichomoka, miguu yako haisimamishi kitu tena. Ikijiviringa kwenye sproketi ya nyuma ndiyo mbaya zaidi, gurudumu linaganda hapo hapo. Waje mafundi sasa.

FundiJioni

Mkuu, usinunue chochote bado, na hiyo grisi mrudishie mwenyewe.

Hayo uliyoeleza ni mambo mawili tofauti. Kukaza na kulegea kwa zamu ni jambo moja. Padeli kurudi kabla gurudumu halijaitika ni jingine. Kelele inaweza kutoka kwenye lolote kati ya hayo, ndiyo maana oili inaifunika tu.

Anza na kelele. Tundika gurudumu la nyuma lisiguse chini, zungusha kranki polepole kwa mkono, usikilize inalia mara ngapi katika duara moja la padeli. Ikilia mara moja kwa kila duara, shida iko mbele: sproketi, bolti zake, kranki au padeli yenyewe. Ikilia mara tatu, shida iko nyuma, maana kwa 48 na 16 sproketi ya nyuma inazunguka mara tatu kranki ikizunguka mara moja. Ikilia mara moja kila baada ya maduara mawili na kidogo, hiyo ni cheni yenyewe, kuna kiungo kimekakamaa. Cheni yako itakuwa na viungo vipatavyo 100, na kila duara la kranki linakula viungo 48.

Njoo na jibu la hapo kwanza.

MiguuMiwili

Nimejaribu. Ni mara moja kwa duara, na inalia pale pale cheni inapokaza.

FundiJioni

Basi sproketi ya mbele haijakaa katikati. Ni jambo la kawaida, wala haimaanishi ni mbovu. Matundu ya bolti huwa yana nafasi kidogo, na sproketi ikifungwa imeegemea upande mmoja, duara lake linakwenda upogo. Baiskeli yenye gia nyingi haioni shida hiyo kwa sababu ina springi ya kunyonya ulegevu. Sisi hatuna.

Dawa yake ni hii. Legeza bolti za sproketi ya mbele, zile tano, kiasi cha sproketi kusogea ikisukumwa lakini isicheze ovyo. Zungusha mpaka ufike mahali cheni imekaza kuliko pote. Simamisha. Gonga cheni ya juu, katikati, kwa mpini wa bisibisi. Gonga kidogo tu, usipige. Sproketi itasogea yenyewe kuelekea ilikovutwa. Zungusha tena, tafuta mahali penye mkazo, gonga tena. Ukiona tofauti imekuwa ndogo, kaza bolti kwa kuruka, si kwa kufuatana, kila moja kidogo kidogo. Njia hii aliieneza sana Sheldon Brown, yule Mmarekani aliyeandika mengi kuhusu fiksi mpaka alipofariki mwaka 2008, na sijaona iliyo bora zaidi.

Usitegemee itanyooka kabisa. Haijawahi kunyooka kabisa kwenye baiskeli yoyote niliyoshika.

DadaKranki

Naomba niingilie hapo kwenye "tundika gurudumu, zungusha".

VIDOLE. Kwenye baiskeli ya kawaida ukinaswa, gurudumu linaendelea na cheni inasimama. Kwenye fiksi gurudumu likishapata kasi linaivuta cheni, nayo haijui kwamba kuna kidole kati yake na meno. Watu wamekatika vidole hivyo, wakifuta cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kitambaa ndicho kinachonasa, mkono unafuata.

Kwa hiyo: sogeza, simamisha, futa kipande cha chini kilicho mbali na sproketi. Sogeza tena, simamisha tena. Hata oili iweke cheni ikiwa imesimama. Ukiona unachoka, vua cheni uisafishie mezani.

SpokiYaTatu

Dada kasema kweli tupu. Na mikono mirefu ya shati ikunjwe.

MiguuMiwili

Ahsante dada, nimeelewa. Na ile ya padeli kurudi?

FundiJioni

Hapo sasa ndipo tunapima cheni. Rula ya sentimita 30 inatosha. Pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Chagua pini moja, ihesabu kuwa ya kwanza, uhesabu mpaka ya 21. Cheni mpya, kati ya katikati ya pini ya kwanza na katikati ya ile ya 21, ni milimita 254. Pima ikiwa imevutwa, kwenye kipande cha juu ukiwa umekanyaga padeli kidogo. Ikifika 255.3 imeliwa nusu ya asilimia. Ikifika 256.5 imetimiza asilimia moja, hapo na sproketi zimeshaanza kuliwa.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake kwa ndani, kila kiungo kinaongeza nafasi isiyoonekana, ukijumlisha viungo mia unapata mchezo unaousikia mguuni.

NtaTupu

Wakuu mimi nauliza, mbona bado mnazungumzia oili? Oili inaokota mchanga, mchanga na oili unakuwa msasa unaotembea. Nta ya mshumaa tu! Cheni inakuwa kavu, hata ukiishika huchafuki.

Tambara

Tulijua utakuja 😂

NtaTupu

Nimekuja na nitabaki. Osha cheni mpaka grisi ya kiwandani itoke yote, ikauke. Yeyusha nta ya parafini ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, USIIWEKE juu ya moto moja kwa moja, inashika moto. Inayeyuka kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo maji ya moto yanatosha. Tumbukiza cheni, itikise mpaka mapovu yaache kutoka, maana hayo mapovu ni hewa inayotoka ndani ya rola (vibomba vinavyozunguka kwenye pini za cheni) na nta inaingia. Itundike, ipoe, vunjavunja ugumu wa viungo kwa mkono, funga.

Tambara

Na mvua ikinyesha?

NtaTupu

Mvua ikinyesha unarudia.

Tambara

Ndiyo hapo. Mimi naendesha kila siku, jua na mvua, sina muda wa kupika cheni. Tone moja la oili kwenye kila rola, upande wa ndani wa cheni, tone moja si mkondo. Iache usiku mzima iingie. Asubuhi futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia kwenye pini. Ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu. Na hiyo grisi ya beringi ndiyo haiingii popote, inakaa nje inaita mchanga.

Vilevile zile kopo za kupuliza za kulegezea kutu, pulizia nati iliyoganda, usizihesabu kuwa oili ya cheni. Zinasafisha, zinang'arisha, siku mbili cheni inalia.

FundiJioni

Nta na oili zote zinafaa. Kinachoua cheni ni kuweka oili mpya juu ya uchafu wa zamani.

MiguuMiwili

Nimepima mara kadhaa, sehemu tofauti. Inacheza kwenye 256, mahali pengine inazidi kidogo. Sproketi ya mbele nimeikalisha katikati kama alivyoeleza Fundi, sasa tofauti ni ndogo sana na ile kra imeondoka. Padeli kurudi bado kupo.

Na kuna kitu nimekiona nikiwa nimeinama. Meno ya nyuma hayajaliwa sawasawa. Manne hivi yamechongoka pande zote mbili, na yaliyo mkabala nayo hivyo hivyo. Mengine yana afya. Halafu tairi la nyuma lina bapa moja kubwa, sehemu nyingine bado lina manyoya yake. Vinahusiana?

Tambara

Unapenda kuburuza gurudumu wewe 😂

DadaKranki

Vinahusiana kabisa, na sababu ni 48 kwa 16.

Gawanya: 48 kwa 16 ni 3 kamili. Maana yake kila kranki ikirudi mahali pake, gurudumu nalo limerudi pale pale. Wewe ukibana miguu unabana kranki ikiwa katika mkao uleule uliouzoea, kwa hiyo unaburuza tairi mahali palepale milele. Na meno ya nyuma vivyo hivyo: mguu wa kulia ukisukuma kwa nguvu unakuta meno yaleyale, wa kushoto unakuta yaliyo mkabala. Yamechongoka pande zote mbili kwa sababu fiksi inavuta cheni mbele na nyuma.

Hesabu iko hivi. Punguza sehemu mpaka isipungue tena, namba ya chini ndiyo idadi ya sehemu ambazo tairi litaburuzwa. 48/16 inakuwa 3/1, sehemu moja. 46/16 inakuwa 23/8, sehemu nane. 48/17 haipunguki, sehemu 17. Na namba ya juu ikiwa witiri, mtu anayeweza kuburuza kwa mguu wowote mbele anapata mara mbili ya hizo.

Kwa kuwa sproketi ya nyuma lazima uibadilishe, chukua ya 17. Utaona wepesi kidogo, kutoka 3.0 kwenda 2.82, na magoti yatashukuru.

MiguuMiwili

Duh. Namba hizo nilizikuta kwenye baiskeli, sikujua kuwa zina maana yoyote zaidi ya uzito. Kwa hiyo cheni mpya na sproketi ya nyuma mpya, kwa pamoja?

SpokiYaTatu

Mimi nitapinga kidogo. Kwa kuwa hatubadilishi gia, cheni na sproketi zake zinaweza kuzeeka pamoja. Mimi huwa naendesha mpaka vyote vife, kisha nanunua vyote.

FundiJioni

Ingekuwa friwili ningekubaliana nawe. Huyu anabana miguu, na cheni iliyorefuka inapanda juu ya meno yaliyochongoka pale nguvu inapogeuka. Ikiruka jino ukiwa mteremkoni utaujutia huo ubahili. Avibadilishe pamoja. Cheni mpya kwenye meno ya zamani haikai, na cheni ya zamani kwenye sproketi mpya inaichonga upesi. Ya mbele aiache, meno 48 yanagawana kazi.

Sproketi mpya iwe na upana wa cheni. Sproketi ya inchi 1/8 haiingii kwenye cheni nyembamba ya 3/32. Kinyume chake inawezekana, ila inapiga kelele zaidi.

Tambara

Na kiungio cha cheni mpya? Kile chenye klipu ya springi au pini ya kubana?

FundiJioni

Pini ya kubana kama una kifaa chake. Klipu nayo inafaa ikikaa sawa: upande uliofumbwa uelekee cheni inakokwenda, mdomo ulio wazi uwe nyuma. Ikague kila unapofuta cheni.

MiguuMiwili

Vifaa nimepata. Swali la mwisho: ile ringi ya kufungia sproketi ya nyuma imegoma kabisa, nageuza mpaka mkono unauma.

DadaKranki

Unageuza upande upi?

MiguuMiwili

Kinyume cha saa, kama nati zote.

DadaKranki

Acha hapo hapo. Hiyo ringi nyuzi zake ni za kushoto, inafunguka kwa kufuata saa. Umekuwa ukiikaza. Sproketi yenyewe ndiyo yenye nyuzi za kawaida. Imewekwa hivyo makusudi, ili ukibana miguu na sproketi ikataka kufunguka, iikaze ringi badala ya kuilegeza.

Ukishafungua, safisha nyuzi za habu (kitovu cha gurudumu), paka grisi kidogo (sasa ile grisi ya beringi imepata kazi), funga sproketi kwa nguvu zote, kisha ringi. Endesha kidogo sehemu tambarare bila kubana miguu, panda kilima kimoja kama kipo, halafu kaza ringi tena.

MiguuMiwili

Imefunguka! Kwa kidole karibu.

FundiJioni

Ukifunga gurudumu, jino moja la ziada nyuma litalisogeza mbele milimita 3 hivi, usishangae, na angalia pedi za breki ya nyuma kama unayo. Kaza nati ya upande wa cheni kwanza, spana ya 15, sukuma tairi pembeni, kaza ya pili, legeza ya kwanza, sukuma tena. Linatembea hivyo mpaka cheni inyooke. Pale inapokaza kuliko pote iache ipande na kushuka kama sentimita moja katikati. Usiizidishe, beringi za habu ndizo zitakazolipa.

NtaTupu

Na kwa kuwa cheni ni mpya na haina uchafu bado, huu ndio wakati mzuri wa nta.

Tambara

Mwacheni kijana aendeshe kwanza 😂