Mrejesho: binti wa darasa la kwanza aliyekuwa haongei

Wazazi wenzangu, salaam. Mwezi wa kwanza niliomba ushauri: binti yangu kaanza darasa la kwanza hapa Igoma, Mwanza, kila asubuhi kilio getini, na darasani hafungui mdomo. Wengi mlisema nimpeleke akapimwe masikio. Nilimpeleka, mazima.

Aliyepatia ni yule aliyeuliza, "Amezoea lugha gani?" Mtoto kalelewa na bibi yake huko Magu kwa Kisukuma, Kiswahili alikisikia redioni tu. Mwalimu akisema "chora duara", yeye anachungulia mikono ya wenzake. Siku alizorudi sketi imelowa nilimgombeza (najuta mpaka leo), kumbe hajui kuomba ruhusa ya chooni.

Nikamfundisha sentensi moja: "Mwalimu, naomba kwenda nje." Tuliirudia njia nzima mpaka mama muuza maandazi wa kona akaikariri. Mwalimu wake nilimfuata pia. Ana watoto zaidi ya 100, sikutegemea kitu, lakini alimhamishia dawati la mbele, pembeni ya Msukuma mwenzake mwenye mdomo hasa. Huyo ndiye aliyemfungua.

Sasa ni mwezi wa sita. Kusoma bado, "ng'" na "nyw" anaziruka kama madimbwi. Ila jana nimesema "dagaa hizi zina mchanga", akanigeukia: "Mama, ni dagaa hawa, wana mchanga." Mimi niliyezaliwa Kirumba, mjini Mwanza! Kisukuma anaendelea nacho kila Jumapili, kwa simu na bibi.