Naomba ushauri: mrija wa begi la maji umeota ukungu

Habari wakuu. Kwa wanaoendesha pikipiki njia za porini na begi la maji mgongoni: mnasafishaje mrija?

Mfuko wenyewe, wa lita 3, haunisumbui. Nauosha kwa maji ya uvuguvugu na bekingi soda, nausuuza, nauning'iniza mdomo wazi, kisha unakaa kwenye friza mpaka safari ijayo. Kwenye baridi ile ukungu hauoti. Ila mrija! Karibu na kidomo cha kung'ata kuna vidoa vyeusi, na funda la kwanza lina harufu ya tope. Brashi ndefu inapita vizuri, lakini kwenye kiungo haifiki.

Dawa ya klorini ikichanganywa kidogo na maji, haitaharibu mpira wa kidomo? Au vidonge vya kusafishia meno bandia vinatosha?

Halafu, nikishanywa huwa napuliza maji yarudi mfukoni yasichemke mrijani kwa jua. Nahisi narudisha na mate humo. Mwenzangu mmoja anatia na juisi kabisa, mimi siwezi, sukari inanata kila mahali. Wazoefu, mrija mnaubadilisha baada ya muda gani?