Mbwa kwenye shamba la zabibu Dodoma, kule chini anaonaje mambo?

Hombolo_Shamba: Wakuu habari za jioni. Nina mbwa jike wa kienyeji analinda zabibu huku Hombolo. Sasa mavuno ya Agosti na Septemba yameanza na huyu mbwa kabadilika kabisa, asubuhi nikifungua geti hana habari na mimi, anazama chini ya waya pua chini, anaingilia mstari huu anatokea ule, akifika kwenye shina fulani ananusa weee mpaka nahisi kaona nyoka. Jua likikolea anachimba karibu na mpira wa maji analaza tumbo pale penye unyevu. Yeye kule anaona nini jamani? Na zabibu zinazodondoka akila kuna shida?

Daktari_wa_Mifugo_Dom: Mkuu naanza na hilo la mwisho, ASILE HATA MOJA. Zabibu zinaua figo za mbwa, mbichi, zilizoiva, na zile kavu ndo hatari zaidi, na hakuna kipimo salama, mmoja anakula nyingi anadunda tu mwingine chache zinamlaza. Siku hizi anayeshukiwa ni asidi ya tartariki iliyomo kwenye zabibu. Akila mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo atapishwe na kuwekewa dripu, usisubiri dalili. Ukiona anatapika, kanyong'onyea, hataki kula, ujue muda unakwenda, figo zinaweza kugoma ndani ya siku 1 hadi 3. Na msimnyweshe chumvi eti atapike, chumvi nayo inaua.

Kuhusu kuona, mbwa anaona vizuri bluu na njano, wekundu wa zabibu hauoni kama wewe. Lakini pua yake ndo gazeti lake. Kwenye hilo shina anasoma nani kapita usiku, kicheche, paka au mbwa wa jirani, na zabibu iliyopasuka ikaanza kuchacha anaijua kabla hujaifikia.

Mama_Mizabibu: Daktari kasema kweli kabisa kuhusu pua. California walishawahi kufundisha mbwa kunusa wale wadudu weupe wanaofyonza mizabibu, na Chile kuna mbwa wanaonusa harufu ya ukungu inayoharibu wain, wanazunguka kwenye mapipa mpaka waipate ilipo. Ila ndugu yangu hujataja makapi. Huku Mpunguzi tukishakamua yanarundikwa nje, yanachacha, yananukia, na mbwa ndo wa kwanza kufika. Yale yana zabibu na pombe humohumo, yafukie au yafunike siku hiyohiyo. Na siku ya kupiga salfa, ule unga wa kuzuia ukungu kwenye mizabibu, mfunge mbali, yeye anatembea palepale vumbi linapotua halafu anajilamba miguu.

Hombolo_Shamba: Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshawaambia vijana wa kuvuna kila mstari ukiisha mmoja apite na ndoo aokote za chini, na mbwa kwa sasa zamu yake ni usiku tu, mchana anakaa kwenye banda la kreti. Daktari, zile mbichi za kijani zinazopukutika mapema nazo ziokotwe?

Daktari_wa_Mifugo_Dom: Ndio mkuu, zote.