Skrini ya pinboli giza, volti mbili zinalingana. Naomba msaada

Mpenda_Flipa
Wakuu, heshima kwenu. Nina pinboli (mashine ya mchezo wa kupiga mpira wa chuma kwa vibao viitwavyo flipa) ya miaka ya 1990, zile zenye skrini ya gesi ya nukta 128 kwa 32. Mchezo mzima uko vizuri: flipa zinapiga, taa zinawaka, sauti ipo. Skrini ndiyo inaninyima usingizi. Ni giza, ila mara mojamoja mstari mmoja wa rangi ya chungwa unamweka na kupotea.

Nimepima kwenye bodi inayoilisha, waya mweusi wa multimita ukiwa kwenye athi. Panapotakiwa volti 5 napata 5.0, kwenye 12 napata 12.2, kwenye 62 napata 63. Hasi 125 inasoma hasi 126. Hasi 113 nayo inasoma hasi 125! Je, kioo ndiyo kimekufa? Ni kitu ghali, sitaki kununua kwa kubahatisha.

Fundi_Nukta
Usinunue kitu mkuu. Hizo mbili za mwisho usizisome mojamoja, toa moja kwenye nyingine uone tofauti. Kati ya hasi 125 na hasi 113 lazima kuwe na volti 12, maana chipu zinazoendesha mistari ya nukta zinaishi kwa hiyo tofauti. Yako ni volti moja tu, kwa hiyo chipu zina njaa.

Chomoa waya wa umeme unaokwenda kwenye skrini, mashine ikiwa IMEZIMWA, kisha washa upime tena. Zikibaki hivyohivyo, kosa liko kwenye bodi. Zikirudi sawa, skrini ndiyo inayozivuta.

Bi_Saketi
Naongeza moja, na tafadhali msilipuuze. Kapasita za hapo zinabaki na chaji hata baada ya kuzima. Zaidi ya volti 100 si za kuchezea. Zima, subiri, pima mpaka ikaribie sifuri, ndipo uguse.

Mpenda_Flipa
Mrejesho. Bila skrini ni vilevile: 126 na 125. Nimechomoa bodi. Kuna sehemu imegeuka kahawia kama mkate ulioungua, na katikati yake kuna daiodi ya zena ya volti 12, ile inayoshikilia tofauti ya volti isiyumbe. Nimeinyanyua mguu mmoja na kuipima: inapitisha pande zote mbili.

Fundi_Nukta
Hiyo ndiyo mwizi wako. Imeshoti, ndiyo maana tofauti imemezwa. Badilisha, lakini pima na transista za jirani, zena haifi hivi hivi. Na hapo palipoungua angalia njia ya shaba ya bodi: ikiwa imebanduka, unganisha kwa kipande cha waya. Usiitegemee risasi ya kulehemu peke yake ishike.

Mpenda_Flipa
Zena mpya, transista moja nayo ilikuwa imeshoti, na shaba kweli ilibanduka. Bila skrini: hasi 126 na hasi 114. Nimeunganisha skrini: hasi 122 na hasi 110, na INAWAKA, nukta zote! Asanteni sana, nimekaa nikiitazama tu. Je, kushuka huko kuna shida?

Bi_Saketi
Hongera! Volti 4 si neno, tofauti bado ni 12. Ungeona inashuka kwa makumi, hapo ningesema gesi ya kioo imechoka na inaichosha bodi.

Mpenda_Flipa
Rezista kubwa pembeni ya zena inapata moto kweli. Niiache?

Fundi_Nukta
Ilehemu upya ikiwa imenyanyuka milimita chache juu ya bodi, hewa ipite chini yake.