Ruzuku za kuzuia ukatili nyumbani: je, jamii yenyewe yaweza kukabidhiwa usukani?

Mratibu, Makina

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mratibu wa kikundi cha akina mama hapa Makina, Kibera, na wengi wa wanachama wetu ni Wanubi, jamii ya Waislamu wenye asili ya Sudan, waliozaliwa na kulelewa papa hapa. Miaka mingi kabla hatujafikiria kujisajili, nyumba za akina nyanya watatu zilikuwa ndizo kimbilio la mwanamke aliyefukuzwa au kupigwa usiku. Hupokewa bila kuulizwa maswali, hupewa chai ya moto na mahali pa kujilaza pamoja na watoto wake, na mmoja wetu humsindikiza hospitalini, kisha kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi iwapo mwenyewe ataridhia. Kazi haiishii hapo, kwa sababu wapo wanaorudi kwetu kila Alhamisi kwa miezi mingi, wengine wasiseme neno, wakae tu wakisuka na kusikiliza, hadi siku moja mtu anafungua kinywa.

Mwaka jana tuliomba ruzuku na tukakataliwa. Fomu ya mfadhili ilitaka tutaje idadi ya wanawake tutakaowafikia kwa miezi sita, ikataka orodha yenye majina na nambari za vitambulisho vyao, na ikasema kwamba fedha zingelipia semina, mabango na fulana, wala si posho ya akina nyanya wanaokesha. Tuliagizwa pia mradi ubuniwe na mtaalamu wa kutoka nje. Niliumia, nakiri, kwa sababu nilijiona ninaombwa niuze siri za wanawake walioniamini ili nipate fedha za kuchapisha fulana.

Nimesikia kwamba huko Australia, Waaborigini, yaani wenyeji wa asili, wamepata fuko la fedha ambalo vipaumbele vyake wanavipanga wao wenyewe. Je, ni kweli? Kuna lolote tunaloweza kujifunza hapo kabla hatujaandika pendekezo lingine? Na mtu anaelezaje uponyaji kwa mfadhili anayetaka tarakimu?

Mtafiti wa sera, Kilimani

Mama Mratibu, shikamoo. Ni kweli, ingawa haikupatikana kwa hisani ya mtu.

Mfano ninaoujua vyema ni wa jimbo la Victoria, ambalo mji wake mkuu ni Melbourne. Mwaka 2015 serikali ya jimbo iliunda Tume ya Kifalme ya kuchunguza ukatili katika familia, nayo ilitoa ripoti mwezi Machi 2016 yenye mapendekezo 227, ambayo serikali iliahidi kuyatekeleza yote. Hata hivyo viongozi wa Waaborigini walikuwa wameanza kuidai nafasi hiyo zamani, na tayari palikuwa na mpango wa miaka kumi ulioanza mwaka 2008. Oktoba 2018 yakafuata makubaliano mengine ya miaka kumi yaitwayo Dhelk Dja, jina lenye maana ya mahali pema katika lugha ya watu wa Dja Dja Wurrung. Kuna makundi ya utekelezaji katika maeneo 11 ya jimbo, ambamo watu wa jamii husika huketi na kueleza nini kinahitajika kwao, na kuna mfuko wa Dhelk Dja ambao mashirika na vikundi vya Waaborigini huomba fedha kwa ajili ya huduma za dharura, kinga na uponyaji.

Nadhani lenye manufaa zaidi kwenu ni hoja waliyoisimamia, kuliko muundo wenyewe. Walieleza kwamba ukatili ulio katika nyumba zao hauwezi kutenganishwa na kunyang'anywa ardhi, wala na ile sera ya serikali ya kuwachukua watoto kutoka kwa wazazi wao, ambayo ilichunguzwa kitaifa na kuandikiwa ripoti mwaka 1997. Mwanamke aliyepigwa anapofikiria kuomba msaada, anakumbuka kwamba watu wa serikali ndio waliomchukua mama yake utotoni, na anaogopa kwamba atanyang'anywa wanawe. Kwa hiyo huduma inayoongozwa na jamii yenyewe ndiyo inayomwezesha kubisha hodi hata kidogo. Hebu jiulizeni: mwanamke wa Makina anaogopa nini kwingineko ambacho hakiogopi mlangoni kwa akina nyanya? Jibu hilo liwe aya ya kwanza ya pendekezo lenu.

Kuhusu tarakimu, mwaka 2019 jimbo hilo lilitoa mwongozo wa uponyaji uitwao Nargneit Birrang, ulioandaliwa pamoja na jamii ili kuongoza ufadhili, ubunifu na tathmini ya programu za uponyaji. Unatambua kwamba uponyaji huchukua muda, kwamba usalama hutangulia, na kwamba jamii ina haki ya kujiamulia. Kitaifa pia, makubaliano ya mwaka 2020 yaliweka lengo la kupunguza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa jamii hizo kwa angalau asilimia 50 ifikapo mwaka 2031. Mkiambiwa kwamba miezi sita inatosha, hilo la kuwajibu mnalo.

Mfano mdogo unaonigusa ni wa shirika la Waaborigini la Djirra, huko huko Victoria, lililoanzishwa mwaka 2002. Huandaa siku ya mapumziko kwa akina mama, wakatengenezwa nywele na kukandwa mwili, huku wanasheria wakiwa pale pale kwa yeyote anayetaka kuzungumza. Hakuna anayejulikana kwamba amekuja kwa sababu ya kupigwa. Alhamisi zenu za kusuka hazitofautiani sana na hilo.

Wakili, Ngara

Ninaunga mkono yaliyosemwa, lakini nina hofu moja ambayo nitaieleza waziwazi, kwa sababu nimeiona kesi ikifa kwa njia hiyo mara nyingi mno.

Mfadhili akisoma maneno "wazee", "jamii" na "uponyaji" katika nchi hii, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni maslaha: wazee wa pande mbili wanakaa, fedha au mbuzi wanatolewa, na msichana aliyenajisiwa anaambiwa asamehe. Pendekezo lenu litenganishe mambo haya mawili bila kuacha shaka. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 hakimpi mzee wala familia mamlaka ya kuifuta kesi ya aina hiyo, na ibara ya 159 ya Katiba inakataza mbinu za kimila zinazokiuka haki za binadamu. Andikeni kwamba kikundi hakisuluhishi makosa ya ubakaji na unajisi kamwe, kwamba aliyebakwa hufikishwa hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na kwamba husaidiwa kupata fomu ya polisi ya P3, ambayo daktari huandika majeraha yake. Elezeni vilevile jinsi mnavyomsaidia mwanamke kuomba amri ya ulinzi mahakamani chini ya Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, kwa maana wengi hawajui kwamba sheria hiyo inatambua hata unyanyasaji wa kiuchumi na wa kihisia.

Ile orodha ya majina na vitambulisho msiitoe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawapa msingi wa kukataa kwa adabu: mpeni mfadhili nambari badala ya majina, pamoja na jumla za kila mwezi, daftari lenye majina libaki limefungiwa kwenu.

Mhasibu, South B

Dada Mratibu, mimi nitazungumzia bajeti tu.

Akina nyanya wanaokesha wasiandikwe kama "wanaojitolea" kisha wakatafutiwa posho chini ya meza. Waandikwe kuwa watoa huduma wa usiku, kwa idadi ya zamu na kiwango cha kila zamu, maana kazi isiyo na jina katika bajeti huonekana kuwa haipo. Tengeni pia kasma ya nauli ya teksi ya usiku, vocha za simu, unga, sukari, nepi na kodi ya chumba cha akiba. Malipo yote yapitie M-Pesa ya kikundi ili taarifa ya mwezi iwe ndiyo ushahidi wenu, badala ya kumwomba mama mwenye jicho lililovimba atie sahihi ya kupokea mkate.

Mkikosa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, tafuteni shirika lililosajiliwa likubali kuwapokelea fedha kwa makubaliano ya maandishi yanayoeleza asilimia litakayobaki nayo, na kwamba uamuzi wa matumizi ni wenu. Tangu Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada la USAID mwaka 2025, wanaogombania fedha zilizobaki wameongezeka, na kikundi kidogo chenye vitabu safi kina nafasi nzuri kuliko mnavyodhani.

Baba wa watoto wanne, Kawangware

Naomba kuuliza: wanaume wako wapi katika mpango huu? Mwanamke akipona akarudi kwa mume yule yule ambaye hakuna aliyeketi naye, tumezuia nini?

Mtafiti wa sera, Kilimani

Swali zuri, ndugu. Melbourne kuna shirika la Waaborigini liitwalo Dardi Munwurro, ambalo tangu mwaka 2000 hufanya kazi ya uponyaji na wanaume wa jamii hiyo, likiwataka wakiri makosa yao huku wakirejeshwa kwenye utamaduni wao.

Mratibu, Makina

Nawashukuru nyote, na akina nyanya nimewasomea majibu haya jana jioni.

Ndugu wa Kawangware, tumekubaliana kwamba kazi ya wanaume ni ya lazima, lakini iombewe fedha zake na iongozwe na wanaume wa msikitini na mtaani wenye sifa njema, isipunguze hata shilingi ya chumba cha usiku. Ndugu Wakili, aya ya maslaha tumeanza kuiandika. Nyanya mmoja alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba naye alishawahi kuketi katika kikao cha namna hiyo akiwa kijana, na kwamba yule msichana angali akikutana naye sokoni Toi. Aliomba asaidie kuiandika.

Swali la Mtafiti ndilo lililotuchukua saa nzima. Jibu walilokubaliana ni kwamba huku kwingine mwanamke huulizwa kabila, kitambulisho na jina la mume kabla hajaulizwa anaumwa wapi. Wanubi wengi wetu tumehojiwa uraia wetu kwa miongo mingi tulipotafuta vitambulisho, na hofu hiyo mtu hutembea nayo hata usiku anapotoka nyumbani bila viatu. Hiyo ndiyo aya yetu ya kwanza sasa.

Kama kuna mwanajukwaa ambaye shirika lake limewahi kupokelea kikundi kidogo fedha kwa utaratibu alioutaja Mhasibu, naomba anieleze asilimia waliyokubaliana na jinsi walivyoliandika suala la nani anaamua.