Procreate, Clip Studio Paint au Krita kwa komiki ya mtandaoni? Nataka kununua wiki hii

mchora_usiku:
Wakuu habari zenu. Nipo njia panda, naombeni ushauri. Nataka kuanza komiki yangu ya mtandaoni na mwisho wa wiki lazima niwe nimeamua maana kuna jamaa ananiuzia iPad, anasema nikiichukua niweke programu ya kuchorea ya Procreate nimemaliza kila kitu. Rafiki yangu mwingine anayechora ananiambia niachane nayo, nichukue tableti ya kuchorea ile ya kuchomeka kwenye kompyuta nitumie Clip Studio Paint. Halafu nasikia Krita ni ya bure kabisa. Ipi bora? Na nikishachora niweke tovuti ipi ya komiki, Webtoon au Tapas? Asanteni.

KalamuBubu:
Bora kwa kazi gani sasa mkuu? Hujasema iPad ni toleo gani, hujasema kompyuta ina RAM kiasi gani, hujasema komiki ni ya kuskroli kwenye simu au ya kurasa, hujasema kama una mpango wa kuichapisha kitabu baadaye. Utapewa majibu kumi hapa, yote sahihi na hakuna litakalokufaa.

WinoMweusi:
Krita. Uzi ufungwe.

Haya, nieleze kidogo nisionekane mbishi. Ni bure kweli, sio bure ya kukuwekea matangazo au kukufungia brashi nzuri. Ina kitulizo cha mkono, kinanyoosha mstari mkono ukitetemeka, ina rula za mtazamo za kuchorea majengo, inafanya CMYK (rangi za kiwandani za kuchapishia), na inafungua PSD (mafaili ya Photoshop) za watu wengine. Mchoraji David Revoy anachora komiki zake humo miaka yote hii na ukiziona hutauliza tena swali la "programu ya bure itaweza". Shida moja tu, maandishi. Kuandika ndani ya Krita kumekuwa mateso kwa muda mrefu, mimi vipovu vya maneno navimalizia Inkscape, programu nyingine ya bure.

dada_fremu:
Sasa hapo WinoMweusi umejijibu mwenyewe, komiki ni maneno na fremu, kama programu inakushinda kwenye maneno basi nusu ya kazi unaipeleka kwingine. Clip Studio imetengenezwa kwa ajili ya komiki tangu mwanzo, zamani huku nje iliitwa Manga Studio. Fremu unakata kwa mstari mmoja, kipovu na mkia wake sekunde mbili, unajaza rangi hata kama mstari una kitundu haivuji, na leya (tabaka la mchoro) ya vekta, ile inayokumbuka kila mstari peke yake, ukifuta mstari uliopitiliza unakatika palepale ulipokutana na mwenzake. Hicho kifutio peke yake kimeniokolea miezi.

Ila angalia usinunue bila kusoma, kuna PRO na EX. PRO ni ukurasa mmoja mmoja, EX ndiyo inabeba kurasa zote za kitabu kwa pamoja. Na kwenye iPad hawauzi moja kwa moja, unalipa kila mwezi au kila mwaka. Kwenye Windows na Mac ndiyo unaweza kununua mara moja.

WinoMweusi:
"Kununua mara moja" halafu mwezi wa tatu 2023 toleo la 2 likatoka na walionunua mara moja wakaambiwa vipengele vipya wavilipie upya. Endelea dada.

dada_fremu:
Toleo ulilonunua linabaki lako na linafanya kazi, hakuna aliyenyang'anywa. Acha kupotosha.

mchora_usiku:
Samahanini nilikuwa mbali. Kompyuta ni mpakato, RAM 4. Komiki ni ya kuskroli, lakini ndiyo, siku moja ningependa iwe kitabu. iPad nitamuuliza jamaa toleo.

ibis_tu:
Mimi nachora kwa simu na kidole, ibisPaint, mwaka wa pili huu na wasomaji ninao. Ina kifaa cha kugawa fremu, inarekodi video ya jinsi ulivyochora, unaiposti na hiyo watu wanakuja. MediBang nayo ina fremu na ni bure. Hakuna anayeuliza ulichora na nini, wanauliza sehemu inayofuata inatoka lini. Anza na ulichonacho mkononi.

KalamuBubu:
RAM 4 na hiyo mipicha mirefu ya kuskroli itakwama, iwe Krita iwe Clip. Unaweza kuikata sehemu vipande vipande, unachora kipande kimoja kimoja, inawezekana ila uvumilivu uwe nao. Na Procreate usidhani imekwepa hilo, idadi ya leya inategemea ukubwa wa picha na RAM ya iPad yenyewe, ukiikuza picha leya zinapungua unabaki na chache za kuhesabu. Halafu haina kifaa chake cha kukata fremu wala vipovu, kila kitu unachora kwa mkono. Kwa kuchora tu ni raha, sikatai, kalamu inateleza kama penseli ya kweli.

Mzee_wa_Pikseli:
Nimesoma hadi hapa hakuna aliyegusa la kuposti wala la kitabu, na hapo ndipo mimi niliumia, kwa hiyo nivumilieni nitaandika kirefu.

Nilikuwa na komiki, miaka mitatu, kila wiki ukurasa. Nikawa naiweka kwenye tovuti moja ya kuhifadhia komiki, jina silitaji, ilikuwa rahisi, unajisajili unapandisha picha basi, na wasomaji wako humohumo. Sikuwa na tovuti yangu, sikuwa na orodha ya barua pepe ya msomaji hata mmoja, niliona ya nini wakati wote wapo hapa. Diski ya kompyuta yangu ilikuwa ndogo inajaa kila mara, kwa hiyo nikimaliza ukurasa nabana leya zote, natoa JPG ya upana wa pikseli 800 kama walivyotaka wao, napandisha, halafu lile faili kubwa nafuta. Nafuta kwa mikono yangu hii. Nilijiambia picha ipo mtandaoni, haiendi kokote.

Siku moja ukafunguka ukurasa mweupe. Nikadhani ni intaneti. Kesho yake vilevile. Baadaye nikaja kusoma kwa mtu kwamba walishatangaza wanafunga, tangazo lilitumwa kwenye barua pepe niliyojisajilia nayo ambayo nilishaacha kuifungua zamani. Maoni ya wasomaji yote yakaenda, na kulikuwa na watu walioandika chini ya kila ukurasa tangu wa kwanza. Picha nikakuta JPG nyingi kwenye simu ya rafiki na nyingine kwenye barua pepe, nikaokoteza kama robo tatu hivi.

Uchungu wenyewe ulikuja baadaye, nikapata mtu wa kunichapishia kitabu. Akaniomba mafaili ya dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Chukua hesabu, pikseli 800 gawa kwa 300 unapata inchi mbili na ushee, kama sentimita 6.8. Komiki yangu ya miaka mitatu ingetoka upana wa kadi ya benki, na kadi ya benki inaizidi! Nilijaribu kuzikuza zikawa kama zimechorwa kwa ukungu. Kitabu hakikutoka.

Kwa hiyo Webtoon wanataka upana wa 800, sawa, wape 800, lakini chora angalau mara mbili au mara tatu ya hapo halafu punguza wakati wa kutoa. Faili lenye leya lihifadhi sehemu mbili tofauti.

mchora_usiku:
Pole sana mzee. Hii ya dpi sikuwa naijua kabisa.

dada_fremu:
Pole mzee. Kuongezea hapo, Clip inakata yenyewe huo mpicha mrefu vipande vya kupandisha Webtoon, huhesabu.

ibis_tu:
Lakini wasomaji wako Webtoon na Tapas, tovuti binafsi nani anaiingia siku hizi?

Mzee_wa_Pikseli:
Ndiyo maana weka kote. Xkcd, ile komiki ya mtandaoni, iko kwenye tovuti yake yenyewe tangu 2006 na watu wanaingia. Weka na RSS, msomaji apate taarifa ukurasa mpya ukitoka.

ibis_tu:
RSS 😂 mzee wewe.

Mzee_wa_Pikseli:
Cheka tu. Mimi nilifanya pia katuni za Flash za kubonyezabonyeza, mwisho wa 2020 Flash ikazimwa zote zikafa, mpaka nilipogundua Ruffle, programu ya kuchezesha mafaili ya Flash, nikazifufua kadhaa. Huwa nazifungua usiku nikiwa peke yangu.

WinoMweusi:
Kuna jambo lingine hamlisemi. Mwishoni mwa 2022 hao hao Clip Studio walitangaza wanaweka AI ya kutengeneza picha ndani ya programu. Michoro iliyofunzia hizo mashine aliombwa nani?

dada_fremu:
Na watumiaji wakapiga kelele wakaiondoa ndani ya siku chache, maliza na hiyo sehemu.

KalamuBubu:
Procreate mkuu wao alisimama 2024 akasema hadharani hawataiweka. Kwa hilo nawapa heshima. DeviantArt, ile tovuti ya wachoraji, kwa upande wao 2022 walileta AI ya kwao na wachoraji wengi wakachukizwa, mimi nilihamisha picha zangu wiki ileile. Tusiharibu uzi wa watu lakini.

mchora_usiku:
Jamaa amejibu, ni iPad Air 2. Anasema iko safi haina mkwaruzo.

KalamuBubu:
USINUNUE. Hiyo ni ya 2014, haikubali Apple Pencil kabisa. Apple Pencil yenyewe imetoka 2015 na iPad Pro, hizi za kawaida zimeanza kuikubali na ile ya 2018. Nilikuuliza toleo tangu jibu la kwanza!

mchora_usiku:
Anasema ana kalamu yake anayotumia na inaandika vizuri.

dada_fremu:
Ile ya mpira kichwani? Hiyo ni kidole kirefu mdogo wangu. Ukikandamiza ukilegeza mstari ni uleule.

ibis_tu:
Mimi nachora na kidole na maisha yanaenda.

dada_fremu:
Wewe hujalipia kidole chako.

WinoMweusi:
Chukua tableti isiyo na skrini, Huion au XP-Pen ndogo inatosha, weka Krita. Siku za mwanzo mkono uko huku macho kule utachukia, wiki mbili tatu unazoea. Hela inayobaki ongeza RAM kama mpakato wako unakubali.

mchora_usiku:
Nitafikiria. Ila jamaa ameshanipunguzia tena sasa hivi... Swali lingine, mnatumia fonti gani? Nimejaribu moja nzuri ya komiki, lakini nikiandika ng'ombe ile alama ya juu inakuwa pana, neno linaonekana limekatika mawili.

Mzee_wa_Pikseli:
Aaah hapo umenigusa. Fonti nyingi za komiki ni herufi kubwa tupu na hiyo alama wameitengea nafasi kubwa, inabidi usogeze kwa mkono kila mahali. Na maneno yetu ni marefu, jaribu kuweka "hawatatutambulisha" kwenye kipovu chembamba uone.

WinoMweusi:
Inkscape unaweka kishale katikati ya herufi mbili unasogeza kwa Alt na mshale.

dada_fremu:
Au unabadilisha mazungumzo. Mimi siku hizi wahusika wangu hawana ng'ombe.